Jicho Lililozikwa Kabla Yangu

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, huko Nyangamara, jicho langu la kushoto lilianza kutoka nje. Halikuuma mwanzoni. Lilisogea kidogo kidogo mpaka kope zikashindwa kulifunga. Nikisinzia mchana lilibaki wazi, na mama mkwe akawa hakai nami chumbani, kwa kuwa hakujua kama nimelala au namtazama.

Waganga walinifukiza na kunichanja, wapi. Mume wangu akanipeleka hospitali ya misheni, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Daktari, Mzungu wa maneno machache, alinipapasa muda mrefu. Dresa wake, msaidizi aliyefunga vidonda na kumtafsiria, Mmwera mwenzetu, akatueleza kwamba nyuma ya jicho umeota uvimbe mbaya, wa aina ambayo daktari alikuwa ameiona mara moja tu maishani. Kuutoa peke yake hakutoshi. Jicho, kope na nyama zote zingeondolewa, libaki tundu la mfupa. Tukichelewa, uvimbe utaingia kichwani.

Wakamgeukia mume wangu atoe ruhusa.

"Jicho ni lake," alisema. "Muulizeni mwenyewe."

Nikawaambia watoe, ila tupewe tukazike. Nilivutishwa dawa yenye harufu kali, nikapotea. Nilipozinduka, mume wangu alikuwa amekwisha kulivika kitambaa cheupe na kulifukia nyuma ya hospitali.

Siku ya tatu, chini ya bandeji, upande ule ulianza kuona. Kwanza vimulimuli, kisha mwanamke aliyevaa kaniki, amechuchumaa, kanipa mgongo, anafukua udongo kwa mikono. Nilifumba jicho la kulia, bado yupo. Niligeuza kichwa, naye akaja nacho. Hakutoa sauti yoyote.

Nilipomsimulia mume wangu, alitoka nje. Aliporudi alisema kule nyuma kuko salama, lakini aliyasema akitazama ukuta. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba alikuta shimo limefukuliwa, kitambaa kipo, jicho halipo. Alisema ni fisi. Sikumbishia.

Daktari naye, nilipomsimulia kuhusu mwanamke yule, hakushangaa. Kwa kinywa cha dresa alinieleza kwamba kichwa kilichozoea jicho hakikubali upesi kwamba limeondoka, kwa hiyo hujitengenezea cha kuona. Nilimwamini. Hata hivyo nilipouliza mbona ninaona huyu na si mwingine, dresa hakulitafsiri swali hilo.

Mwanamke yule alinifuata mpaka nyumbani. Nilimzoea, nikawa napepeta mchele naye anachimba. Nilipomzaa binti yangu wa kwanza, siku moja nikimnyonyesha, mwanamke yule aliinuka, akakung'uta mikono, akaenda zake. Uso wake sikuuona.

Uvimbe haukurudi. Tundu nililiosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi, na mume wangu ndiye aliyenishikia kioo.