Wanataka Sinema ya Mchezo Wetu, Lakini Bila Nyimbo

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lifichwe kwa ajili ya watoto wangu tu, maana mimi mwenyewe simwogopi mtu. Nina miaka hamsini na moja, ni mjane, nafundisha shule ya msingi hapa Bujumbura.

Wakati wa vita nilikuwa msichana wa mtaa wa Ngagara, baba yangu mfanyakazi wa serikali. Mji ulikuwa umekatwa vipande: mtaa huu wa hawa, mtaa ule wa wale, na ukikosea njia, nyumbani hufiki. Familia ya rafiki yangu Consolata ilikuwa imekimbia kutoka mtaa wa Kamenge na kujibana Buyenzi. Kwa watu wengi, mimi wa kabila hili na yeye wa lile hatukutakiwa hata kusalimiana. Tulikuwa tunakutana Nyakabiga kwenye ukumbi mdogo wa kwaya, na hapo tukatunga mchezo wa kuigiza wa nyimbo. Mimi niliandika maneno, yeye akatia sauti. Ni kisa cha harusi. Bibi harusi yuko upande mmoja wa barabara, bwana harusi upande wa pili, na wazazi hakuna anayekubali kuvuka. Wageni wanaimbiana kutoka pande zote mbili, mpaka mwisho ndoa inafungwa katikati ya barabara.

Bwana harusi alikuwa Saidi, fundi magari wa Buyenzi, kijana aliyekuja mazoezini moja kwa moja kutoka gereji. Sauti yake nisiisifu sana, mtadhani nilimpenda. Na kweli nilimpenda, ila hayo ni mengine.

Tulionyesha Jumapili mchana, ili watu wawahi makwao kabla ya saa ya kujifungia ndani. Baba yangu alikataa kuja. Katikati ya mchezo risasi zikaanza huko milimani, halafu zikasikika karibu. Ukumbi mzima ukalala chini, na sisi waigizaji pia. Nikajua mambo yamekwisha. Ndipo nikamsikia Saidi, amelala kifudifudi, shavu liko sakafuni, anaendelea na wimbo pale pale alipokuwa ameukatiza. Consolata akamjibu kutoka nyuma ya mashuka tuliyotundika kama pazia. Mama mmoja kati ya watazamaji, hata hatukumjua, akashika kiitikio, na wengine wakamfuata. Tuliimaliza harusi ile bila mtu hata mmoja kusimama. Kulipotulia, watu wakajipangusa vumbi, wakapeana mikono, wakaenda.

Hatukucheza tena. Saidi aliuawa mwaka ule ule kwenye kizuizi cha barabarani, akitoka kutengeneza gari la mtu. Hakuna kaseti, hakuna picha. Kilichobaki ni nyimbo tu, kwangu na kwa Consolata.

Sasa mwezi uliopita kaja kijana mtengeneza sinema, mzaliwa wa hapa aliyekulia Ulaya. Habari ile aliipata kwa Consolata. Nilimpikia, nikamwimbia nyimbo zote pale mezani, akafuta machozi. Kisha akaeleza anachotaka. Filamu, ndiyo, ila isiwe ya kuimba. Anasema jukwaani mtu akianza kuimba watazamaji wanakubali, lakini kamera ikikaa karibu na uso wataona ni uongo. Tena bibi harusi afe barabarani, kwa sababu hiyo ni filamu ya vita. Na ile siku ya risasi, ukumbi ukae kimya, kipigwe kinanda kidogo tu.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa adabu, "Maman, watu kuimba chini ya risasi, hakuna mutu ataamini."

Nikamjibu, "Mi nilikuwa pale chini. Si kwamba tuliimba sababu hatukusikia risasi. Tuliimba sababu tulizisikia."

Msinione mkaidi. Nimekaa nikafikiria sana. Kamera ikitoka ukumbini ikaenda barabarani kwenyewe, nakubali. Wimbo wa wazazi ni mrefu, akate. Hata kupaza sauti kama jukwaani sitaki, waimbe chini chini, kama mtu anaongea na aliye karibu naye. Hapo kijana ana haki. Lakini kunitolea nyimbo na kuniulia bibi harusi, apana. Waliokufa kweli walitosha.

Kinachoniuma zaidi ni Consolata. Yeye amekubali. Alikuja nyumbani, amekonda, maana amekuwa mgonjwa, akasema sisi tunazeeka na hakuna mwingine atakayekuja na kamera. Akaniambia, "Ndugu yangu, tukikataa huyu, tutakufa na watoto hawatajua Saidi alikuwa nani."

Nikamuuliza, "Saidi bila sauti yake, huyo ni nani?"

Alijifunga kitenge chake, akaondoka, na tangu siku hiyo simu yangu haipokei. Yule kijana anasema bila idhini yetu wote wawili hawezi kuanza, kwa hiyo sasa kwa jamaa za Consolata mimi ndiye niliyewafungia mlango.

Basi msipoteze muda kuniambia nikubali filamu ya kimya. Hilo nimeshalikataa, na nitalikataa hata nikibaki peke yangu. Nimeongea na wasichana wa kwaya, wako tayari kujifunza. Simu za siku hizi zina kamera, barabara iko pale pale, tutapiga filamu wenyewe, iwe mbaya, lakini iimbe. Shida ni kwamba wimbo wa harusi una sauti mbili, na mimi najua ya kwangu tu. Ya pili iko kwa Consolata, na afya yake mnaisikia.

Niende nikapige hodi kwake hata kama hanitaki, nimwombe aimbe na mimi kabla ya yote? Au nianze hivi hivi na nusu ya wimbo, nikitumaini atasikia na kuja? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?