Maji Yasiyouma Macho

Watu wakisikia kwamba miaka ya tisini sisi tulikuwa na kidimbwi cha kuogelea nyuma ya nyumba, wananitazama kana kwamba nilizaliwa kwenye nyumba ya meneja. Nyumba ya meneja gani! Baba alikuwa anatia kuni kwenye tanuri za kukaushia majani katika kiwanda cha chai, mama alikuwa anachuma kwenye kashamba ketu, na stima tuliiona tukitazama mlima wa pili. Kidimbwi chenyewe kilikuwa shimo la mawe na saruji, upana wake kama ghala la mahindi, kina chake kifuani mwa mtoto. Baba alikichimba kwa sababu ya miguu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu aliugua akiwa na miaka sita, homa ikamshika, ilipomwachilia ilikuwa imechukua miguu. Alipofika miaka tisa nilikuwa nambeba mgongoni kwenda na kurudi shule. Mama wa mazoezi katika hospitali ya misheni alimbonyeza magoti, akamwambia baba: mtieni huyu mtoto majini kila siku, maji yatambeba, miguu itajikumbuka yenyewe. Mtoni palikuwa na baridi ya kuua na mawe ya utelezi. Basi baba akachukua jembe.

Wiki mbili tu, maji yakawa ya kijani kama mboga iliyochemka. Vyura wakahamia. Mdogo wangu akakataa kuingia, na mimi, kusema kweli, ningekataa pia.

Hapo ndipo baba alipomleta rafiki yake, mzee mmoja kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa akitunza kidimbwi cha meneja kwa miaka mingi. Walikaa kwenye viti nje wakanywa chai, nami nikaambiwa nisikilize kwa sababu kazi ingekuwa yangu.

"Ndugu yangu," mzee alimwambia baba, "kuna njia tatu. Ya kwanza ni ile ya meneja, mashine ya stima inayozungusha maji usiku na mchana."

"Hiyo ruka," baba akasema.

"Ya pili, mmwage maji kila wiki, mjaze upya."

Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akacheka kwa uchungu. Chemchemi ilikuwa chini ya mteremko, na punda wetu ni mimi, binti mkubwa.

"Basi ya tatu. Pipa lenye mchanga na kokoto, mnachota maji ya kidimbwi kwa ndoo mnayapitisha hapo, yanarudi safi. Na jioni, jua likishazama, mnatia unga wa klorini, maana jua huila. Asubuhi mnapima." Akatoa mfukoni kichupa cha matone na kikombe kidogo cha kioo. "Matone matano. Maji yakigeuka rangi ya siagi, dawa ipo, mtoto aingie. Yakibaki meupe, hata kama yanang'aa namna gani, asiingie. Hii ni njia ya watu kama sisi. Bei yake ni ndogo lakini inakula mtu. Ukiisahau siku moja, umeharibu." Alinitazama mimi aliposema hivyo, na mimi nikakasirika. Kwani nilikuwa nimesahau nini kabla hatujaanza?

Tulichagua hiyo. Na ilifanya kazi, jamani. Ndoo hamsini kila asubuhi kabla ya shule, mikono ikinuka dawa hata kwenye daftari, lakini maji yalikuwa safi na kila siku kikombe kilikuwa rangi ya siagi. Mwezi wa tatu wa kazi hiyo mdogo wangu alisimama. Alishika ukingo kwa mkono mmoja, akauachilia, akasimama majini peke yake huku ananipigia kelele, "Niangalie! Niangalie basi!" Baba aliyekuwa anatoka zamu alikaa chini kwenye nyasi na viatu vyake vya kazi akafunika uso kwa kofia. Mama wa mazoezi alisema, kwa mwendo huo, mwaka ukiisha atatembea kwa mikongojo.

Tatizo lilikuwa macho. Dawa ilimuuma, akitoka majini macho yalikuwa mekundu na alilia. Bibi yetu, mama yake baba, tuliyemwita kogo kama watu wetu wote wanavyomwita bibi, alikuwa hawezi kuvumilia. "Mnampika mtoto kama nyama," alisema.

Kogo alikuwa fundi wa vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Alichoma vijiti vya senetwet, ule mti wa maua ya njano, akasugulia makaa yake ndani ya kibuyu, na maziwa yakakaa humo wiki nyingi bila kuharibika. Watu walitembea kutoka mbali kuja kunywa maziwa ya kogo. Basi akafikiri, na hata leo siwezi kumlaumu: makaa yanayolinda maziwa yatashindwaje na maji? Akachoma mzigo mzima wa senetwet, akayaponda makaa, akajaza tabaka nene ndani ya pipa letu na gunia zima akalining'iniza kidimbwini. Mzee wa ziwani alikuwa ameenda kwao likizo. Hapakuwa na mtu wa kutuambia kitu.

Asubuhi yake maji yaliangaza ajabu. Hayakunuka. Mdogo wangu aliingia, akafungua macho ndani ya maji, akaibuka akicheka. "Hayaumi!" Kogo alisimama pale na shuka lake, amejaa furaha kama bibi harusi.

Lakini kabla hajaingia, mimi nilikuwa nimepima. Matone matano. Maji yalibaki meupe.

Nilijua maana yake. Nisiseme sikujua. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilijiambia maneno matamu: matone yameharibika kwa jua, au makaa sasa ndiyo dawa. Nikamwaga kikombe kwenye nyasi. Tangu siku hiyo sikupima tena. Unga wa jioni niliendelea kutia, na makaa yakaendelea kuumeza, na mimi nikapata dakika zangu za kulala asubuhi. Dakika chache tu.

Mvua za kwetu hazina aibu, zinanyesha kila alasiri. Zikashusha maji ya zizi la ng'ombe mpaka kidimbwini. Macho hayakuuma. Mdogo wangu aliogelea, akayameza kama watoto wanavyomeza, na wiki mbili baadaye akalala hakuamka vizuri. Homa ya matumbo. Akalazwa katika hospitali ileile ya misheni, na aliporudi nyumbani alikuwa ameisha, miguu miwili kama vijiti vya kuwashia moto.

Baba alituita sote uani. Mzee wa ziwani alikuwa amerudi, akasimama kando ya pipa, akachota makaa kwa kiganja.

"Makaa haya hula dawa," alisema taratibu. "Lakini matone yangewaonyesha." Akanigeukia. "Mwanangu, ulikuwa unapima?"

Kila mtu alinitazama. Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa blanketi, naye alinitazama.

"Kila siku," nikasema. "Yalikuwa rangi ya siagi."

Mzee akayarudisha makaa pipani. "Basi mimi sielewi," akasema. "Kama dawa ilikuwepo na mtoto akaugua hivi, siwezi kuwaambia maji haya ni salama."

Mnaona nilichofanya? Ningesema kweli, angetoa gunia, angesafisha pipa, tungeanza upya, na mtoto angerudi majini. Nilisema uongo mmoja ili nisipigwe, na ule uongo ukafanya njia nzuri ionekane mbovu. Baba hakungoja neno jingine. Alimgeukia mama yake mzazi, akamwambia mbele yetu, "Mama, ni makaa yako yamemtilia mtoto sumu." Wiki hiyohiyo alikijaza kidimbwi udongo na mawe. Mdogo wangu alitazama dirishani mpaka karai la mwisho. Hakusimama tena maishani mwake, wala majini wala nchi kavu.

Kogo hakujitetea. Alivitoa vibuyu vyake vyote, akavisugua kwa maji matupu, akasema hataki tena makaa yaguse kitu kitakachoingia kinywani mwa mtoto. Maziwa yake yakaanza kuchacha siku ya tatu. Watu wakaacha kuja. Niliona haya yote nikiwa nakula ugali wangu. Wakati mwingine nilimfokea kogo bila sababu yoyote, kwa vile nilishindwa kumtazama. Yeye alinijibu, "Pole, mama," kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

Alikufa kabla ya miaka ya tisini kwisha, akiamini alimlemaza mjukuu wake.

Siku ya mazishi njia ya kwenda kaburini ilikuwa matope, kiti cha magurudumu hakikupita. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni kama zamani, ingawa alikuwa msichana mkubwa sasa na mimi nilikuwa nimeolewa. Tulipita pale kidimbwi kilipokuwa. Baba alikuwa amepanda chai juu yake, na chai ilikuwa ya njano, maana maji yalituama chini na mizizi haikupumua. Nilianza kulia, nikasema nimemkumbuka kogo.

Mdogo wangu aliweka mdomo karibu na sikio langu.

"Nilikuona," akasema. "Siku ya kwanza ya makaa. Nilikuwa nimekaa ukingoni nangoja uniingize. Kikombe kilibaki cheupe, ukakimwaga. Na siku zilizofuata hukukitoa tena."

Nilisimama katikati ya matope na watu wakitupita.

"Umejua miaka yote hii?"

"Yote."

"Na kogo? Mbona hukumwambia baba? Mbona hukusema hata neno moja?"

Nilisikia mikono yake ikijifunga vizuri shingoni mwangu, asianguke.

"Ningesema, baba angekufukuza," akasema. "Na mimi ningebebwa na nani?"

Nikamsogeza juu kidogo mgongoni, tukaendelea kushuka.