Behewa Lililong'aa

Juzi, nikisugua sufuria ya chuma kwa majivu huku mgongo ukiniuma, harufu ya kutu ilinirudisha utotoni, mtaani kwetu Kadutu. Papa alikuwa ameunda behewa dogo la mizigo kwa makopo ya maziwa, na kila asubuhi alilipaka maji ya chumvi ili lishike kutu. Mimi sikumwona akifanya hivyo; nilidhani bati la paa letu linavuja na kulilowesha. Alasiri moja nililisugua kwa mchanga, kru kru, mpaka likang'aa, nikampelekea.

Alilishika muda mrefu.

“Sasa iko mupya, mutoto yangu,” akasema, akaketi.

Nilifurahi. Sikujua kwamba alikuwa akiitafuta rangi ya kutu ya behewa bovu la reli kule Kalemie, walimokuwa wakiishi yeye na mama yake alipokuwa mtoto. Lile letu lilibaki liking'aa kabatini. Hakulipaka chumvi tena.