Lita Ishirini na Tano

Siku yangu ya kwanza kazini Maswa, ng'ombe wa kijiji cha Ipililo walikuwa wamekwisha kufa. Nilikuwa nimeajiriwa niandike programu za kampuni ya pamba na pembejeo, mojawapo ya zile zilizoingia na soko huria, lakini Meneja hakunionyesha hata kiti. Alinipa karatasi iliyotoka kwenye printa, ya vipimo vya dawa ya josho. Ilisema lita 25.

"Masanja ameua ng'ombe za watu," alisema. "Hakikisha mashine yetu haimo lawamani."

Masanja alikuwa mwangalizi wa josho, lile birika refu wanamoogeshwa ng'ombe kuua kupe. Zamani dawa ilikuwa ya serikali, nyepesi, ikimwagwa kwa madebe. Hii ya kampuni ilikuwa kali na mpya. Alichojua juu yake ni karatasi ile tu.

Ninyi vijana mnaandika mstari mmoja, kompyuta inajua namba itasomwa nchi gani. Sisi tulipanga kwa mkono. Nilifungua programu iliyotoa karatasi ile nikaliona kosa kabla chai haijapoa. Iliandikwa Ulaya, na watu wanaotenga desimali kwa mkato: mbili na nusu kwao ni 2,5. Kompyuta yetu ilipangwa kwa mtindo wa Kiingereza, ambamo mkato hutenga maelfu tu. Ikauona pambo, ikautupa. Ikabaki 25.

Meneja alinisikiliza hadi mwisho. "Rekebisha," akasema. "Halafu funga mdomo." Nilimchukia siku ile na sijaacha.

Jumapili nilipanda baiskeli hadi Ipililo. Wazee walikuwa wamekwisha kumtenga Masanja: hasalimiwi, hapewi moto, na akifa hazikwi na kijiji. Baada ya kuamkiana niliwachorea ardhini kwa kijiti, 2,5 na 25. Mzee aliyepoteza zizi zima aliinama akatazama.

"Ng'wanawane, mwanangu, haka kamkia ndiko kamemaliza ng'ombe zangu?"

"Ndiyo, bhabha. Siyo Masanja."

"Basi kalete hapa tukatenge."

Hakuna aliyecheka. Nikamtaja Meneja.

"Huyo tutamtenga vipi? Hatusalimiani naye, na hazikwi huku. Dawa ilimwagwa na mkono wa nani?"

Nilirudi nikisukuma baiskeli, machozi ya hasira yakinitoka. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Masanja alinyongwa tu.

Baadaye nilihamia Bariadi, kisha Shinyanga, chini ya wakurugenzi wa kila aina. Kila programu niliyokabidhiwa nilianza kuijaribu kwa mbili na nusu. Wakubwa walinitania kwa hilo, nami sikuwaeleza.

Mwaka niliostaafu, Masanja alifariki. Tulichimba kaburi watatu, wanawe wawili na mimi. Kiangazi udongo wa Ipililo ni mgumu, tulichimba tangu asubuhi, na katika shamba la kando majirani walikuwa wakivuna pamba.