Uzito Niliomfichia Lemayian

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimesimama mbele ya meza ya kazi na fimbo ya gofu ya rafiki yangu mkononi, nikijiona mimi ndiye fundi pekee katika Kajiado nzima. Mzee aliyenifundisha kazi hakuwepo. Shida ilianzia hapo, maana mwanafunzi akiachiwa ufunguo wa karakana hudhani ameachiwa na akili ya mwalimu.

Nakueleza haya kwa sababu ya ile fimbo uliyoniletea jana. Ulisema ni ya mwenzako, kwamba ana mashindano Jumamosi, na ukaniomba niiongezee kitu mpira uende mbali, bila yeye kujua, ili afurahi akiona. Nilikujibu, "Weka hapo," nawe ukaenda zako ukidhani nimekubali. Sikukubali. Keti basi, hiyo chai bado ni moto, nikwambie kwa nini.

Mwalimu wangu aliitwa Mzee Parsaloi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya uwanja wa gofu, huku upande wa barabara ya Namanga, wakati Kitengela ilikuwa bado na nafasi ya ng'ombe kupita. Kabla ya kutengeneza fimbo za wachezaji, Mzee alikuwa akichonga rungu, na watu walimjia hata kutoka Kona Baridi. Ukimwendea akuchongee, alikupa kwanza rungu la mazoezi na kukuonyesha kichuguu. Ulirusha mara tatu. Yeye alisimama nyuma yako, kimya, akiangalia bega na kifundo cha mkono. Baada ya hapo ndipo alipochukua kisu na kupunguza mpini, hapa kidogo, pale kidogo. Alisema rungu halina uzuri wake lenyewe, uzuri wake uko kwa mkono wa mwenyewe.

Walipomwajiri kutengeneza fimbo za gofu hakubadilisha mwenendo. Mabwana wakubwa wenye vitambi walikuja na magari yao, wakaambiwa wapige mipira mitatu kwanza. Wengine walikasirika. Mzee hakujali hasira ya mtu. "Apige kwanza, nimuone," ndivyo alivyosema kila siku, mpaka nikachoka kulisikia hilo neno. Mwanangu, kuna maneno ambayo kijana huyachoka kabla hajayaelewa.

Siku hizo vichwa vya fimbo kubwa, ile ya kupigia mpira wa kwanza, vilikuwa vya mbao. Chini ya kichwa kulikuwa na bamba la shaba lililofungwa kwa skrubu, na chini ya bamba kulikuwa na kitundu chenye kipande cha risasi, yale madini laini mazito, ya kukipa kichwa uzito. Uzito unasukuma mpira mbali. Lakini mkono lazima uweze kuurudisha huo uzito kwa wakati wake. Kichwa kikichelewa hata kidogo, uso wake hutazama kando, na mpira hufuata uso. Kwa hiyo aliyekwambia kwamba kwenda mbali ni suala la nguvu peke yake, alikuficha nusu ya habari.

Sasa Lemayian. Alikuwa kedi, mbeba mifuko ya wachezaji, kijana wa Rombo, kule mpakani. Alibeba mifuko ya watu miaka sita, na Jumatatu, siku ambayo makedi waliruhusiwa kucheza, alijifunza mwenyewe. Mpigo wake ulikuwa mfupi na wa haraka, kama mtu anayeua nyoka. Mpira wake haukwenda mbali, lakini ulikwenda pale alipoangalia. Wenzake walimcheka. "Lemayian anapiga kama nyanya yake akifagia," walisema, naye alicheka nao, ila mimi niliona kicheko hakifiki machoni.

Mwaka huo alipata nafasi ya kushindana na makedi wenzake katika majaribio. Atakayemaliza vizuri angepewa kibali cha kucheza na kufundisha gofu kama kazi yake. Alikuwa ameingojea nafasi hiyo miaka miwili, na alikuwa amemwambia mama yake kwamba akifaulu hatabeba tena mfuko wa mtu. Asipofaulu, arudi Rombo. Hakuwa na mpango wa tatu.

Siku nne kabla ya majaribio aliniletea fimbo yake kubwa ifungwe uzi mpya shingoni na kuwekwa mshiko mpya. Mzee Parsaloi alikuwa akiondoka kwenda Kajiado mjini kwenye harusi ya mpwa wake. Aliiangalia fimbo, akaniambia, "Funga uzi, badilisha mshiko, basi. Usiguse ingine."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu lililovunjika halikuwa langu. Nilifungua bamba. Nilipanua kile kitundu na kuongeza vipande viwili vya risasi, kila kimoja kama punje ya maharagwe, nikafunga skrubu na kusugua mpaka pasionekane alama. Kwa nini? Nilimpenda Lemayian, hilo ni kweli, na nilitaka wale waliomcheka wanyamaze. Lakini sitakudanganya, mwanangu, uzee haunipi ruhusa hiyo. Nilitaka pia watu waulize, "Hiyo fimbo imetengenezwa na nani?" Wema wangu ulikuwa na jina langu limeandikwa juu yake.

Alipokuja kuichukua, aliishika, akaipunga mara mbili, akanitazama.

"Njoroge, naona ni kama iko na uzito."

"Ni mshiko mpya," nikamwambia. "Utazoea."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno hilo moja, "mshiko," limenisumbua maisha yangu yote kuliko zile risasi.

Siku ya majaribio nilimbebea mfuko mimi mwenyewe. Mashimo matatu ya kwanza mpira uliruka ukapita mipira ya wote, na wale wa kumcheka wakafunga midomo. Moyo wangu ulivimba. Nilikuwa natembea nyuma yake kama baba wa bwana harusi. Lakini kufikia shimo la tisa mikono ilianza kuchoka, na upepo wa tambarare ukaamka. Mpira ukaanza kupinda kulia. Kwanza kidogo, halafu zaidi. Kwenye shimo la kumi na nne alipiga, ukatoka nje ya vigingi vyeupe vya mpaka, ukapotea kwenye migunga. Akapiga wa pili. Ukaufuata wa kwanza.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona hofu katika uso wa mtu huyo.

"Njoroge, hii mkono yangu iko na shida gani?"

Nilijua. Hapo hapo nilijua. Ningesema neno moja, angeiweka ile fimbo mfukoni, apige na ndogo, na bado angekuwa na mashimo manne ya kujiokoa. Badala yake nilisema, "Tulia tu. Vuta pumzi."

Alikosa kibali kwa mipigo mitatu. Mipira ile miwili peke yake ilimgharimu mipigo minne.

Kesho yake alipitia karakana, akaegemeza fimbo zake zote ukutani. "Pea mtu mwingine," akasema. "Mkono yangu imekufa." Nami nikazipangusa vumbi moja moja, kana kwamba hilo ndilo lililobaki kufanywa. Akapanda gari la Loitokitok, akarudi kwao Rombo.

Mzee Parsaloi aliporudi aliikuta ile fimbo. Aliilaza juu ya kidole kimoja, ikainama upande wa kichwa. Akachukua bisibisi. Vile vipande vilidondoka mezani, kimoja, cha pili. Aliniuliza maswali matatu tu.

"Ulimuona akipiga na hii uzito kabla umpatie?"

"Hapana, Mzee."

"Alikuomba?"

"Hapana."

"Yeye anajua?"

Hilo la tatu nililijibu kwa kuziokota zile risasi mezani. Nilitarajia anifukuze, na ningeshukuru, maana kufukuzwa ni kitu kinachoisha. Alikaa kwenye kigoda chake, akazungumza polepole.

"Hii shimo umetoboa kwa mti, mimi naweza kuziba. Ile umetoboa kwa roho ya huyo kijana, ni wewe utaenda kuziba. Umemfanya aogope mkono yake mwenyewe. Enda, na usingoje."

Nilingoja. Miezi saba nilingoja, mwanangu. Wiki hii kuna kazi nyingi, wiki ijayo mvua. Aibu ni hodari wa kutafuta sababu. Kila asubuhi Mzee alinisalimu vizuri, akanipa kazi, lakini kila jioni akifunga mlango aliuliza, "Umeenda?" Nikasema bado. Akageuza ufunguo.

Siku niliyokwenda nilimkuta Lemayian katika shamba la vitunguu la familia, miguu ndani ya mfereji, akigeuza maji. Alinifurahia. Hilo lilinichoma kuliko matusi. Nilimsalimu, nikafungua leso, nikaweka vile vipande viwili vya risasi katika kiganja chake, na nikamweleza yote bila kujitetea.

Alivipimapima mkononi kwa muda mrefu. Maji yalivunja tuta nyuma yake na hakuyatazama.

"Miezi saba," akasema. "Unajua hata rungu nimewacha kurusha? Fisi ikikuja kwa boma, mimi naambia ndugu yangu arushe. Nasema mimi sina mkono."

Nikakunja ile leso.

"Ungeniambia hata pale shimo ya kumi na nne."

"Ningekwambia."

Aliokota bonge la udongo. Mbali kidogo, penye kibanda cha kuanikia vitunguu, palikuwa na nguzo. Alirusha. Bonge likapasukia katikati ya nguzo. Akaokota lingine, akarusha, likapasukia pale pale. La tatu pia. Kisha akakaa kwenye tuta, mtu mzima, akalia, na mimi nikakaa kando yake nikalia pia, maji yakitulowesha suruali.

Alinisamehe. Tulikula pamoja siku hiyo, na mama yake akanipa maziwa, ingawa nadhani mama alinisamehe polepole zaidi. Mkono wake aliurudisha, lakini majaribio hayakurudi. Mwaka uliofuata kulikuwa na makedi wengine, na yeye alikuwa ameoa na ana shamba. Maji yakimwagika hayazoleki. Hakucheza gofu tena. Mpaka leo, kila akivuna hunitumia vitunguu, na nikivikata natokwa na machozi, mke wangu hudhani ni vitunguu tu. Risasi alinirudishia. "Kaa nazo," alisema. Ndizo zile kwenye rafu, karibu na redio. Uliniuliza jana ni za nini, nikakwambia ni uchafu wa kazi. Unaona? Ulimi wa mzee nao bado unajikwaa.

Sasa sikiza nasaha yangu, mwanangu. Siku hizi mna vichwa vya chuma chepesi na mashine zinazopima mwendo wa mpira, na ni vitu vizuri, nami si mzee wa kutukana vitu vizuri. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mkono usio wako hujui unachoka saa ngapi. Usimwongezee mtu nguvu kabla hujamwona akipiga. Usimpangie mwenzako umbali kwa sababu wewe unaona aibu ya ufupi wake. Na ukimsaidia, msaidie mbele ya macho yake, kwa sababu msaada wa kufichwa ukiharibika, yeye ndiye atakayejilaumu, na wewe ndiwe utakayekuwa unajua. Ukikosea, kimbia ukaseme. Usiseme wiki ijayo. Mimi niliupoteza ujana wa mtu kati ya shimo la kumi na nne na la kumi na tano, kwa kusema "vuta pumzi."

Fimbo ya mwenzako iko pale kwenye msumari. Sijagusa hata skrubu moja. Chukua simu umpigie, aje mwenyewe leo kabla jua halijatua. Mipira mitatu ipo pale kwenye kopo, na uwanja wa nyuma uko wazi. Apige kwanza, nimuone.

Nawe, mwanangu, Mungu akupe nguvu, akupe na mkono wa kuirudisha mahali pake. Akupe rafiki anayekuuliza swali, na ulimi wa kumjibu ukweli siku hiyo hiyo. Uende mbali, na unakokwenda kuwe ndiko ulikokuwa unatazama. Mzee Parsaloi angetutemea mate ya baraka hapa na kumtaja Enkai, yaani Mungu kwa Kimaasai, nasi tungeitikia "Naai," ndiyo amina yao. Itikia basi, halafu piga hiyo simu.