Meneja Amenipa Kazi Niliyoitamani, Lakini Simwamini Tena Mtu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto watatu, tunaishi hapa Sumbawanga. Mwenye ukurasa nimemwomba afiche jina langu, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha, maana mji ni mdogo na tunajuana.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha unga. Zamani kilikuwa cha serikali, nami niliingia nikiwa binti. Wakati ule tulikuwa tunazunguka: wiki hii upo kwenye mzani unapokea mahindi ya watu wa Mpui, wiki ijayo upo kwenye mashine, inayofuata upo dirishani unauza. Mshahara ulichelewa mpaka tunausahau, lakini kazi niliipenda. Mteja akirudi kusema sembe ya safari hii ni nzuri, nilijua yale mahindi niliyapokea mwenyewe, na yenye unyevu niliyakataa. Nilirudi nyumbani naimba.

Kikabinafsishwa. Tajiri aliyekinunua akaleta meneja, kijana mpole, hagombi na mtu. Akasema kuzunguka kumekwisha, kila mtu na kitu chake kimoja. Mimi nikapewa kushona midomo ya mifuko. Jamani, kushona tu! Mfuko unakuja umejaa, nashona, unaondoka, unakuja mwingine. Mahindi siyaoni, mnunuzi simwoni. Mshahara siku hizi unaingia kwa wakati, siwezi kusema uongo, lakini nikifika nyumbani sina hata hamu ya kuongea na wanangu.

Na sisi wenyewe tukaanza kuangaliana vibaya. Zamani kila mmoja aliijua kazi ya mwenzake. Sasa unga ukipungua hujui umepungulia wapi, unabaki kumhisi aliye mbele yako. Kalisti wa kwenye mashine alisema wakati wa chai kwamba tumegeuzwa vyuma. Wiki hiyohiyo akaachishwa kazi. Nani alipeleka maneno? Hakuna aliyejua.

Mwezi huu meneja akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Mama, nimekuona huna raha na kazi. Nataka nikupeleke kwenye mzani. Utapokea mahindi, utaamua yapi yanafaa, utafuata mzigo wako mpaka unauzwa. Wanunuzi wakilalamika, watakuja kwako."

Machozi yalinilengalenga. Kisha nikakumbuka. "Na Anastazia?"

Anastazia ndiye aliye kwenye mzani. Mwanzoni alipangiwa kubeba pumba, ghafla akahamishwa, hatukuelewa kwa nini. Ni rafiki yangu tangu enzi za serikali, na ndiye mama wa ubatizo wa mwanangu wa pili.

"Anastazia atashona," akasema. "Nawe ukisikia lolote huko, uniambie mimi kwanza."

Nilipomsimulia mume wangu, aliacha kula. "Wote mle ndani, kakuona wewe tu?" Tangu siku hiyo kila nikivaa kitenge kizuri ananiuliza naenda wapi.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa Anastazia, nilitaka asikie kutoka kwangu. Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kuchambua maharage.

"Amekwambia amekuona huna raha?"

"Umejuaje?"

"Mimi aliniambia hivyohivyo, akanipa mzani. Kila Ijumaa ananiita, ananiuliza nani ananung'unika."

"Na wewe unamwambia?"

"Mwenzangu, sikutaka kurudi kwenye pumba."

Nikamuuliza habari ya Kalisti, akainamia ungo wake. Nikamuuliza kuhusu mimi.

"Nilimwambia umechoka na kushona. Nilidhani nakusaidia."

Niliaga nikaondoka. Njiani nikaanza kuwaza tena. Je, amesema kweli, au ananitisha niikatae kazi abaki nayo? Kama alimsema Kalisti, kwa nini anifungulie moyo leo, wakati yeye ndiye anayeondolewa?

Kesho yake nikajikaza, nikamwendea meneja. "Bosi, kwa nini tusizunguke kama zamani? Mimi wiki, Anastazia wiki."

Akatabasamu. "Hayo mawazo ni yako, au ni ya Anastazia?"

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba nilikwenda kwa Anastazia.

Sasa anataka jibu. Nikikataa, nitashona mpaka nizeeke, na najua nitahesabiwa miongoni mwa wanaonung'unika. Nikikubali, rafiki yangu ndiye atakayekaa kwenye kiti changu cha kushonea, na Ijumaa nitaitwa mimi. Na kinachonitesa zaidi ni kwamba naitaka ile kazi. Naitaka sana. Leo mchana, mikono ikiwa kwenye mifuko, nimejikuta nasikiliza wanachoongea wenzangu nyuma yangu, na maneno yao yote nimeyashika kichwani, nani kasema nini.

Nyie mliopitia kazi za hawa matajiri wapya, nisaidieni mawazo kabla hajaniita tena. Huyu mtu nimjibu nini?