Fundo la Mzamiaji

Mzamiaji wa vizimba vya samaki aina ya sato ziwani huko Nkome haruhusu mtu kumfunga kamba. Huifunga mwenyewe kiunoni, hulivuta fundo mara tatu, na Limi anayemshikia kamba botini akinyoosha mkono amsaidie, humsukuma kwa kiwiko: "Acha, mayu," akimwita mama kwa kilugha chao. Hushuka na mtungi wake wa hewa kukagua nyavu, na kila dakika huvuta kamba mara moja ili Limi ajue yu salama. Akiibuka, mikono yake iliyokunjamana kwa maji husimulia kabla ya mdomo. Vidole vikifumbata kitu kisichoonekana karibu na midomo, basi sato wameanza kuficha watoto vinywani.

Leo kamba ilitulia. Limi, binti wa wafugaji wa Kolandoto asiyejua hata kuogelea, alihesabu dakika ya pili, ya tatu, ya nne. Mapovu yalipanda mahali pamoja, machache machache. Ni msimu wa mamba kusogea visiwani kutaga, na agizo la mzamiaji la msimu huu alilijua: "Usinivute mpaka nikuombe. Ukinitikisa, umemwita mamba." Hakuvuta.

Maji yakapasuka. Mzamiaji akajitupa ndani ya boti, akautoa mpira wa hewa mdomoni.

"Umeona nini, baba?"

Mikono haikusimulia kitu. Ilikwenda kwenye fundo, ikateleza, ikajaribu tena, ikateleza. Akaliachia, akamgeuzia Limi kiuno.

"Fungua wewe," alisema.